Sindano na Santuri

Sauti ni mali nyepesi kuliko mali zote. Hutoka kinywani ikafa hewani, na aliyeisikia hubaki na kumbukumbu tu, ambayo nayo hufa pamoja naye. Ndivyo ilivyokuwa tangu kale mpaka mwaka 1877, Thomas Edison alipofanya mashine ya kwanza ya kunasa sauti na kuirudisha. Baada ya miaka 10 hivi Emile Berliner akatokeza gramafoni itumiayo sahani bapa, na tangu hapo sauti ya mtu ikaweza kununuliwa, kufungwa kwa karatasi, na kuvushwa bahari.

Pwani ya Afrika Mashariki ina fungu lake katika habari hii. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri mpaka Bombay, mji ambao leo huitwa Mumbai, akaimba nyimbo zake kwa Kiswahili zikanaswa katika santuri. Siti alifariki mwaka 1950, lakini sauti yake haikuzikwa pamoja naye. Ilibaki katika nyumba za watu, ikingoja mkono wa kuiamsha.

Katika nyumba moja mjini Tanga yumo mwalimu mstaafu aliyerithi kwa mama yake vitu viwili: gramafoni ya kutia ufunguo, na santuri moja ya Siti. Vitu hivyo vilikaa juu ya kabati miaka mingi. Hewa ya bahari haina huruma kwa chuma wala kwa kitambaa. Ufunguo ulishika kutu, kifuniko kikaota kuvu, na mashine ikawa bubu. Alipostaafu, mwalimu aliiteremsha, akatandika gazeti mezani, akaanza kuifungua skrubu moja moja. Kila hatua aliichora katika daftari, kwani afunguaye bila kuandika hufunga kwa kubahatisha.

Moyo wa mashine ile ni kamani, utepe mrefu wa chuma cha pua uliokunjwa ndani ya kopo. Grisi yake ilikuwa imeganda kama nta, hata kamani ikawa hailegei taratibu, bali hushtuka kwa kishindo. Kamani iliyokazwa ikifyatuka hukata vidole. Kwa hiyo aliilegeza kwanza mpaka mwisho, akavaa glovu nene, akaitoa pindo baada ya pindo. Aliiosha kwa mafuta ya taa, akaikausha, akaipaka grisi mpya. Kisha akavitia mafuta mepesi vizito vidogo vizuiavyo mwendo, akavirekebisha mpaka sahani ikazunguka mara 78 kwa dakika. Hesabu hiyo aliipata kwa saa ya mkononi na kipande cha karatasi alichokibandika ukingoni.

Mwisho alifika kwenye kisanduku cha sauti. Ndani yake mna kigamba chembamba cha ulanga kitikiswacho na sindano, na mtikiso huo ndio sauti. Kigamba hushikwa na pete za mpira. Pete zile zilikuwa zimekauka kama mfupa, na mpira uliokauka huifanya sauti ikwaruze. Akazibadili.

Santuri nayo ilitaka adabu yake. Santuri za wakati ule zilifanywa kwa lakiri, utomvu wa wadudu wa India, uliochanganywa na unga wa mawe. Spiriti huyeyusha lakiri, na mwenye haraka aweza kuharibu kwa dakika moja kilichodumu miaka mingi. Mwalimu aliifuta kwa kitambaa laini chenye maji na sabuni kidogo, akifuata mzunguko wa mfuo, bila kulowesha karatasi ya katikati.

Jioni alitia ufunguo, akaweka sindano. Siti akaimba! Sauti ilitoka safi mwanzoni. Lakini katikati ya wimbo ukaingia mchakacho kama wa mvua juu ya bati, na maneno yakazama. Yalikuwa maneno ambayo mama yake alikuwa akiyafuatisha kwa sauti ya chini akichambua mchele. Mwalimu aliinamisha kichwa, maana alimjua mkosaji.

Unga wa mawe hutiwa katika santuri kwa makusudi: huisaga ncha ya sindano mpaka ilingane na mfuo. Lakini sindano iliyokwisha kusagwa hupata makali, na ikitumiwa tena huukata mfuo, ikikandamizwa na uzito wa gramu 100 na zaidi. Kwa hiyo sharti ni sindano mpya kwa kila upande. Mama alimwambia hivyo. Kijana aliona ni israfu. Akatumia sindano moja kwa mwezi mzima, na senti za sindano akanunulia kashata. Sasa kamani ilikuwa imepona, na mpira umebadilishwa. Lakini mfuo ulioliwa haurudi.

Mjukuu wake, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alisema, "Babu, tuinase katika simu, kisha tusiipige tena."

Mwalimu aliliona shauri lile kuwa jema, akalikubali nusu yake. Wimbo ulinaswa siku ileile, pamoja na mchakacho wake. Nusu ya pili alijibu hivi: "Mjukuu wangu, santuri isiyopigwa ni sahani nyeusi tu. Tutaipiga siku ya Idi, kwa sindano mpya."

Hivyo ndivyo ifanywavyo katika nyumba ile. Wimbo ukiisha, kamani huachwa ilegee yote. Santuri husimamishwa wima mbali na jua. Na sindano iliyotumika hutupwa katika mkebe, isije ikachanganyika na nzima. Mjukuu ndiye mwenye kazi ya kuitupa, na hakuna aruhusiwaye kumharakisha.

Sindano ni kitu duni, na kwa sababu hiyo ndiyo ifaayo kutolewa. Mwenye kuionea huruma hulipa kwa kitu kisichouzwa dukani. Watu wengi husifu ustadi wa kutengeneza kilichoharibika, na sifa hiyo ni haki. Lakini ustadi huja baada ya hasara, na uangalifu huja kabla yake. Mwalimu alijifunza ustadi uzeeni. Uangalifu alifundishwa na mama yake utotoni, akachagua kashata.