Kompaila iliposema bahari shwari

Leo ngoja niungame kosa langu, labda litamwokoa mwenzangu.

Mjomba wangu huvua Mayungu, kusini kidogo ya Malindi. Nilimtengenezea kiprogramu kwa lugha ya C. Kipimaupepo kilicho juu ya paa hutoa vipimo kila dakika, programu hupiga wastani wa saa nzima, na ukizidi kilomita 30 kwa saa simu yake hupata ujumbe: HATARI. Usipozidi: SHWARI.

Asubuhi moja ya msimu wa kusi alinipigia. "Mwanangu, simu yasema shwari, nami hapa naona minazi yainama. Nimwamini nani?" Aliyaamini macho yake, hakutoka. Mimi nilibaki na aibu yangu.

Chanzo kilikuwa hiki. Chumvi ilikuwa imekula waya, vipimo vingine havikufika. Penye pengo programu huweka NaN, maana yake "si namba". Nilikuwa nimeandika ukaguzi wa isnan ili kuyaruka mapengo hayo. Lakini wiki moja kabla, nikitaka hesabu ziende mbio, niliongeza flagi ya -ffast-math. (Flagi ni agizo fupi unaloipa kompaila inapogeuza msimbo kuwa programu.) Flagi hiyo huiambia GCC kwamba NaN haitatokea kamwe. Basi GCC ikauona ukaguzi wangu ni kazi bure, ikauondoa. NaN moja ikiingia kwenye jumla, jumla yote huwa NaN. Kisha ukiuliza, "Je, NaN inazidi 30?" jibu ni hapana. Na hapana kwangu ilikuwa SHWARI!

Nikaandika export CFLAGS="-O2", nikaendesha cmake, nikajenga upya. Shida ile ile! Kumbe CMake huisoma CFLAGS mara ya kwanza tu inapoandaa folda ya kujengea, halafu huihifadhi ndani ya CMakeCache.txt. Baada ya hapo badilisha mara mia, haikusikii.

Kilichonifumbua macho ni make clean, kisha make VERBOSE=1. Hapo unaiona kila amri inayopewa kompaila, neno kwa neno. Na -ffast-math ilikuwa imekaa palepale, imetulia. Nikafuta folda nzima ya kujengea, nikaanza upya, nikatazama tena amri mpaka nikahakikisha haimo.

Siku hizi kabla sijampelekea mjomba toleo jipya, huilisha programu vipimo vyenye mapengo makusudi. Pia nimeipa jibu la tatu: SIJUI. Vipimo vikipungua sana, ikiri tu.

Kwa hiyo wadau, kuandika flagi ni jambo moja, flagi kutumika ni jambo jingine. Usiulize faili lako lasema nini, tazama amri yenyewe iliyopita. Mjomba hakuamini ujumbe, alichungulia dirishani. Nasi tuchungulie.