Umepata Nyumba, Jirani Yako Nani?

Siku tuliyopata fleti Brighton nilimpigia mama simu Zanzibar kumpa habari. Nilimwonyesha kila kitu kwa kamera: sebule, jiko, chumba cha mtoto, kisha dirisha kubwa na bahari mbele yake. Mama alitazama, akasema mashaallah, halafu akauliza, "Jirani yako nani?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Jirani yangu bahari, mama."

Yeye hakucheka.

Tulikuwa tunatoka London, ambako tuliishi chumba kimoja na mtoto wetu wa kiume, aliyekuwa bado hajatimiza miaka minne. Mume wangu ni muuguzi, na alikuwa amepata kazi katika hospitali kuu ya Brighton. Mji huo uko pwani ya kusini, saa moja hivi kwa treni kutoka London, na ndiyo maana jua likitoka mwishoni mwa wiki watu wa London humiminika huko. Tulikwenda kuangalia nyumba Jumanne moja ya Novemba. Fleti ilikuwa Kemptown, mashariki ya gati, karibu kabisa na bahari, na dakika kumi tu kwa miguu hadi hospitalini. Barabara ilikuwa kimya. Wakala akatuambia mtaa umetulia, na sisi wenyewe tuliona umetulia. Tukatia saini.

Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Mji wa watalii tuliukagua siku ambayo watalii hawapo.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri, sitakataa. Ufuo wa Brighton si mchanga bali ni mawe, na mtu aliyezaliwa Unguja huona taabu kuuita ufuo, lakini mwanangu aliyapenda mawe hayo, akirudi nyumbani mifuko ya koti imejaa. Msimu ulipoanza tulipanda treni ndogo ya Volk's inayopita pembeni mwa bahari, reli ya umeme iliyofunguliwa mwaka 1883 na bado inafanya kazi. Mume wangu alitoka zamu na baada ya dakika kumi yuko mezani anakula. Na mimi nilikuwa nimepata ujauzito wa pili.

Kuanzia Mei mtaa ukabadilika. Ijumaa jioni yalianza kusikika magurudumu ya masanduku kwenye lami, usiku muziki, asubuhi shakwe wakipasua mifuko ya taka iliyorundikwa nje ya mapipa. Ndipo nikaanza kuangalia vile visanduku vidogo vya namba vilivyopigiliwa kando ya milango, ambavyo tangu Novemba nilikuwa navipita bila kujiuliza ni vya nini. Ndani yake mna ufunguo. Mgeni hutumiwa namba kwa simu, hufungua, huingia, hulala siku mbili, huondoka. Nyumba yetu ilikuwa na fleti tano. Tatu zilikodishwa kwa usiku. Ya nne ilikuwa ya mtu wa London aliyekuja siku za sikukuu tu. Ya tano ndiyo yetu. Kwa hiyo katika jengo zima, wenyeji tulikuwa sisi peke yetu.

Nilijua hivyo, lakini sikuwa nimeyapima maana yake mpaka usiku mmoja wa Agosti.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane usiku. Mume wangu yuko zamu. Uchungu ulinishika wiki mbili kabla ya siku tuliyopewa, tena ukaja kwa kasi. Nilipiga simu wodini kwake. Alikuwa na wagonjwa mikononi, hawezi kuwaacha mpaka apatikane wa kuwapokea. Wakunga wakaniambia nije mara moja. Mtoto amelala. Nikasimama katikati ya sebule nikijiuliza, huyu nimwache na nani?

Kwetu swali hilo huwa na jibu kabla hujalimaliza. Unagonga ukuta. Mimi nilitoka nikagonga mlango wa pili, kwa kuwa taa zilikuwa zinawaka. Wakafungua wasichana sita au saba waliovaa mashada ya maua ya plastiki kichwani. Walikuja kumsherehekea mwenzao anayekaribia kuolewa, kama sisi tunavyomfanyia biharusi singo. Walikuwa wema. Mmoja alinishika mkono, akasema yeye hanywi, atakaa na mtoto mpaka baba yake arudi. Nilimwamini kuwa ana nia nzuri. Lakini nitamwachaje mwanangu kwa mtu nisiyemjua jina, ambaye saa nne asubuhi anarudisha ufunguo kwenye kisanduku na simwoni tena maishani?

Nikamwamsha mtoto. Wasichana wale walikimbilia barabarani na viatu mkononi wakanisimamishia teksi, jambo ambalo saa hizo za Jumamosi Brighton si rahisi. Mwanangu aliingia hospitalini na nguo za kulalia, akalazwa kwenye viti viwili vilivyounganishwa, na muuguzi mmoja akamtazama hadi baba yake alipoteremka. Binti yetu alizaliwa alfajiri, salama, alhamdulillahi.

Asubuhi nilimpigia mama. Alipomaliza kushukuru Mungu, akauliza mtoto mkubwa alilala kwa nani. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, sisi tulihama mjini kwa sababu hiyohiyo."

Nilikuwa najua tumehama, ila nilidhani ni kwa sababu ya nafasi. Nilizaliwa Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, nikiwa mdogo tukahamia Fuoni. Mama akanieleza kuwa nyumba ya kulia ilikodishwa ikawa ya kulaza wageni, ya kushoto ikafunguliwa duka la vinyago, na wale waliokuwa wakikaa barazani jioni wakaondoka mmoja mmoja. Mji ulipendeza zaidi, kuta zikapakwa chokaa, na mwaka 2000 UNESCO ikautia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. "Lakini," mama akasema, "siku baba yako alipoanguka ghafla, milango mitatu niliyogonga yote ilikuwa ya wageni. Ndipo nikasema basi."

Nikafahamu kwa nini siku ile hakucheka.

Mkataba wetu ulipoisha Novemba tulianza kutafuta upya, na safari hii tulitafuta kwa njia nyingine. Tulikuwa tumejifunza kwamba mji wa watalii ni miji miwili iliyolala kitanda kimoja. Kuna mji wa wanaokuja, na kuna mji wa wanaowahudumia: wanaotandika vitanda vya hoteli, wanaoendesha mabasi, wauguzi, walimu, wapishi. Nikamuuliza mama mmoja wa Kisomali aliyekuwa akifanya usafi hospitalini anakaa wapi. Nikamuuliza dereva wa basi. Majibu yao yalinipa majina ambayo hayamo kwenye kadi za posta: Portslade, Hangleton, Moulsecoomb, Whitehawk, Patcham.

Tukaenda kila mtaa mara mbili, Jumamosi usiku na siku ya kazi yenye mvua. Usiku tulihesabu madirisha yenye mwanga na kuangalia milango ina visanduku vya funguo au haina. Mchana nilisimama nje ya shule ya msingi saa tisa alasiri, wakati wazazi wanapokuja kuchukua watoto. Hapo utajua mengi kuliko atakayokwambia wakala: kama watu wanazungumza au kila mmoja anaangalia simu yake, kama babu na bibi wamo, kama kuna mwingine anayefanana na wewe. Wanafunzi pia tuliwaangalia, kwa kuwa Brighton ina vyuo vikuu viwili, na mitaa ya upande wa barabara ya Lewes ina nyumba nyingi za wanafunzi. Kwa kijana anayesoma huko ndiko kwake. Kwa mtoto mchanga, Septemba kila mwaka jirani mpya.

Tulichagua Portslade, magharibi kabisa. Nyumba ndogo ya safu, ua wa nyuma wa kuanikia nguo, bahari haionekani. Basi namba 1 linatoka huko hadi hospitalini bila kubadilisha, ila mume wangu aliyekuwa akitembea dakika kumi sasa anatumia karibu saa nzima. Hilo ni gharama, na yeye ndiye anayeilipa kila siku. Msikiti uko mbali zaidi. Na mtaani petu wenye hijabu tunahesabika. Wiki za kwanza nilikuwa nikiingia dukani naona macho yamenifuata.

Gharama kubwa kuliko zote ilikuwa shule, na hii naiandika hasa kwa wazazi wenzangu. Uingereza, mtoto anayeanza darasa la awali Septemba huombewa nafasi kabla ya 15 Januari, na majibu hutolewa 16 Aprili. Shule ikijaa, mara nyingi kinachoamua ni umbali kutoka nyumbani. Sisi tuliomba kwa anwani ya Kemptown, tukapata shule ya Kemptown, na mwanangu alikuwa ameshaanza, ameshapata rafiki. Portslade shule tuliyoitaka ilikuwa imejaa, kwani madarasa ya watoto wadogo yana kikomo cha wanafunzi 30 kwa mwalimu mmoja. Tukawekwa kwenye orodha ya kusubiri. Wiki saba nilivuka mji mzima kwa basi asubuhi na alasiri, mchanga kifuani na mkubwa ananiuliza kwa nini tumehama. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nafasi ilipopatikana alilia siku mbili kwa ajili ya rafiki yake. Kama tungechagua vizuri mara ya kwanza, machozi hayo yasingekuwepo.

Jirani yetu wa kulia ni mjane wa Kiingereza aliyeishi hapo miaka mingi. Siku ya tatu alibisha hodi, si kwa kutukaribisha bali kulalamika kuwa tumeweka pipa la taka upande wake. Nikaliondoa, nikampelekea maandazi. Akarudisha sahani ina biskuti. Mambo yakaenda polepole hivyohivyo, sahani kwenda na kurudi. Januari alipoteleza kwenye barafu mlangoni kwake, mimi ndiye niliyesikia. Leo ufunguo wake wa akiba uko kwenye droo yangu ya jikoni, na wetu uko kwake.

Sisemi kila mtu akimbie bahari. Wapo wanaoipenda kelele, wapo wasio na watoto, wapo ambao zamu zao haziruhusu basi la saa nzima. Lakini kama una watoto wadogo na unahamia mji wa aina hii, iwe Brighton, iwe Orlando ambako mitaa mizima karibu na bustani za michezo ni nyumba za wageni, iwe Salalah ambako kuanzia Juni hadi Septemba watu wa Ghuba hufuata mvua za Khareef, usiangalie nyumba msimu mmoja tu. Nenda wakati wageni wamejaa uone kama utalala. Nenda wakati wameondoka uone kama atabaki mtu. Tia saini baada ya kujua tarehe za shule. Na kabla ya kuuliza kodi, gonga mlango wa pili.

Mwezi uliopita mama alipiga simu, nikampelekea kamera dirishani. Nje kuna ukuta wa matofali, kamba ya nguo na paka wa jirani. Alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama bahari ile.

"Huyo paka wa nani?" akauliza.

Nikamwambia ni wa nani, anaitwaje, na mwenyewe kaenda wapi.