Baiskeli Begani
Msimu wa mvua, udongo mwekundu wa Litein huyanata magurudumu, hata mwendeshaji hulazimika kushuka na kupanda kilima baiskeli ikiwa begani. Wapita njia humcheka. Lakini kijana mmoja mchuma majani chai alifahamu kwamba huo ndio mchezo wa saiklokrosi, ambao Wafaransa walianza kuuwania ubingwa wa taifa mwaka 1902. Akawa akijinoa kila Jumapili.

Agosti 2022, Mkenya Suleiman Kangangi alifariki mashindanoni nchini Marekani. Mama wa kijana akaificha baiskeli. Miezi ikapita, siku moja akaitoa mwenyewe, imepanguswa.

“Nenda, mwanangu. Ila mteremko ukikushinda, shuka.”

Wahenga walinena kuwa mpanda ngazi hushuka. Mama aliomba tu mwanawe ashuke kwa hiari.