Matanga ya Superman

Bibi yetu mzaa mama alifariki Machi 1993, yeye akiwa Marangu na sisi tukiwa Columbus, Ohio. Msiba ule niliukaa nikiwa nimefunga mkononi kitambaa cheusi chenye herufi S nyekundu. Hakikutoka kanisani wala kwa fundi cherehani. Kilitoka ndani ya mfuko wa nailoni, kimekunjwa pamoja na kitabu cha katuni nilichokinunua kwa dola mbili na nusu.

Baba alikuwa anasomea shahada ya uzamivu. Mimi nilikuwa na miaka kumi, kaka kumi na mitatu. Katuni tulizozijua kabla ya safari ni zile za jarida la Sani, ambazo ukifika chini ya ukurasa umeshacheka, unampa mwenzio naye asome. Huko tukakuta katuni zisizoisha. Kisa kinaanzia kitabu hiki, mwishoni unaambiwa ukifuate kwenye kitabu kingine, ukifika huko unaelekezwa kwingine tena, na kila kitabu kina bei yake. Mashujaa wanatembeleana kama majirani, ila wewe ukitaka kuchungulia unalipa kiingilio kila mlango. Mikasa hiyo ya kuingiliana haikuwa mipya. Mwaka 1984 wachapishaji Marvel walianza kutoa Secret Wars, iliyokwenda sambamba na wanasesere wa kampuni ya Mattel, na mwaka uliofuata washindani wao DC, wenye Superman, wakaja na Crisis on Infinite Earths. Lakini kufikia 1992 yalikuwa mafuriko.

Wapenzi wa katuni wakiitaja enzi hiyo leo huitaja kwa kejeli. Majalada yanayometameta, hologramu, misuli iliyoota juu ya misuli, wanaume waliojifunga vijimfuko kuanzia kiunoni hadi mapajani na hakuna aliyewahi kuwaona wakitoa kitu humo. Sibishi. Nilikuwepo, na vijimfuko nilivichora mwenyewe pembeni mwa daftari la hesabu.

Tarehe 18 Novemba 1992 ilikuwa Jumatano. Toleo la 75 la Superman lilitoka siku hiyo na dunia nzima ilikuwa imeshaambiwa kwamba anakufa. Taarifa za habari zilitangaza kana kwamba ni rais mstaafu. Tulikuta foleni imetoka nje ya duka, kwenye baridi, na wengi waliosimama ni watu wazima ambao ungeona tu kwamba hawajui hata mlango wa kuingilia. Ohio walikuwa na haki ya kufiwa: Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana waliombuni Superman, walikuwa wa Cleveland. Kitabu kilikuwa kwenye mfuko mweusi wenye ile S inayovuja damu. Ndani mlikuwa na tanzia kutoka gazeti la kubuni la Daily Planet, kitambaa cha mkononi na vikorokoro vingine.

Kaka alinunua vitatu. Akanionya: “Dogo, usifungue. Ukifungua thamani imekwisha.” Mimi niliufungua wangu ndani ya basi kabla hatujafika kituo cha pili. Kila ukurasa ulikuwa picha moja kubwa, ngumi juu ya ngumi, mpaka Superman na yule dubwana Doomsday wanaangushana wote wawili. Kwa kweli hadithi yenyewe ilikuwa nyembamba kama uji wa mgonjwa. Utamu ulikuja baada ya kifo.

Watu wanaoicheka enzi ile husahau kwamba DC walitumia wiki kadhaa kusimulia matanga. Mashujaa wanabeba jeneza, watu wa mjini wanajipanga barabarani, na huko Kansas wazee wawili, Jonathan na Martha Kent, wamekaa nyumbani wanaangalia kwenye televisheni mazishi ya mtoto wao. Hawawezi kwenda, kwa kuwa hakuna anayetakiwa kujua kwamba ni wazazi wake.

Mama alikuwa anakunja nguo. Akaegemea begani kwangu, akaona ukurasa ule.

“Hawa wazee ni nani?”

“Wazazi wake.”

“Wazazi wa marehemu? Mbona wako peke yao? Nani amewapa pole?”

Nikamweleza habari ya siri. Akatikisa kichwa, akasema, “Maskini. Wamefiwa kimyakimya,” akaendelea na nguo zake.

Miezi michache baadaye simu ililia saa tisa usiku. Nauli haikuwepo, na hata ingekuwepo, mama asingewahi mazishi. Watanzania wachache wa chuoni walikuja na masufuria ya wali, wakakaa hadi usiku, kesho yake wakaenda madarasani. Barua yenye picha moja, kaburi kati ya migomba, ilifika baada ya wiki tatu. Mimi nilikuwa nimevaa kile kitambaa tangu siku ya kwanza. Mama aliiona ile S. Nilidhani ataniambia nivue. Akanirekebishia fundo.

Kaka, kwa upande wake, alikuwa na hesabu zake. Alisoma mahali kwamba Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, iliyouzwa kwa senti kumi, sasa ni mali ya matajiri, akaamua kwamba vitabu vyetu ndiyo ada ya chuo. Hakuwa mjinga peke yake. Nusu ya wateja wa duka lile walipiga hesabu hiyohiyo. Walichosahau ni kwa nini kitabu cha 1938 ni adimu. Watoto wa wakati ule walikisoma mpaka kikachanika, mama zao wakatupa, na Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja karatasi kuukuu zikakusanywa kwa tani. Toleo la kwanza la X-Men la mwaka 1991 lilichapwa nakala zaidi ya milioni nane kwa majalada matano, na mtu mmoja alinunua yote matano akayafungia kabatini. Kitu ambacho kila mtu amekificha hakiwezi kuadimika.

Hesabu hizo zilileta kichekesho ambacho hadi leo tunakisimulia harusini. Mwishoni mwa 1992 ulitoka mkasa wa X-Men ulioitwa X-Cutioner's Song, sehemu kumi na mbili zilizopita kwa zamu katika majarida manne, kila sehemu kwenye mfuko wake na kadi ndani. Kaka alijinyima chakula cha mchana shuleni, akanunua zote. Hakufungua hata moja. Mimi nilipata sehemu tano, tena si za kufuatana. Basi usiku taa ikizimwa, mwenye hadithi nzima ananiuliza mimi mwenye vipande: “Enhe, ikawaje?”

Nikawa namsimulia kwa Kiswahili, na palipokosekana sehemu napashona mwenyewe. Profesa Xavier, mkuu wa X-Men, amepigwa risasi mbele ya umati. Aliyempiga ana sura ya shujaa Cable, na Cable anasema si yeye. Nikamwambia kaka kwamba ni pacha aliyetupwa porini akalelewa na zimwi, kwa kuwa katika ngano za bibi ndivyo ingekuwa. Baadaye Marvel walieleza kwamba yule adui, Stryfe, alikuwa nakala ya Cable, akalelewa na adui mwingine, Apocalypse. Sikuwa mbali.

Katika masimulizi hayo ya usiku ndimo tulimojadili pia jina la Storm, mmoja wa X-Men. Mama yake, kwa mujibu wa vitabu, ni binti wa kifalme wa Kenya, na Storm mwenyewe anaitwa Ororo, jina wanalolifasiri kuwa ni urembo. Kaka akacheka gizani: “Ororo si kama sauti nyororo? Basi huyo ni Bi Laini.” Mwanamke anayeangusha radi, Bi Laini! Mpaka leo nikimwona kwenye sinema namwita hivyo.

Mkasa ule, nikiusoma sasa mfululizo, ni fujo. Watu wanapigana hadi mwezini na huelewi nani anamdai nani. Ila baada ya kelele kuisha lilitoka toleo tulivu, la 297 la Uncanny X-Men, ambamo Xavier, mtu wa kiti cha magurudumu, kwa muda mfupi amepata nguvu za miguu. Anafanya nini nazo? Anavaa viatu vya magurudumu, anateleza na binti mdogo Jubilee. Ndivyo ilivyokuwa enzi ile. Kelele ziliuza, halafu waandishi wakajiibia kurasa chache za kusema jambo lao.

Kubwa kuliko yote lilikuja kiangazi cha 1993. Kutokana na mkasa uleule, Stryfe aliacha nyuma ugonjwa usio na tiba, virusi vya Legacy, vinavyoua watu waliozaliwa na vipawa. Katika toleo la 303 la Uncanny X-Men anakufa Illyana, mdogo wake Colossus wa X-Men, mtoto kabisa. Hakuna ngumi inayomsaidia. Wenye nguvu zote wamesimama kando ya kitanda na mikono yao mitupu.

Wasomaji wa Marekani walielewa mara moja ni ugonjwa gani unaozungumzwa. Na sisi pia. Barua kutoka nyumbani zilikuwa zinakuja na majina: fulani amefariki, aliugua muda mrefu. Baba alikuwa akisoma kwa sauti, akifika kwenye sentensi hiyo anashusha sauti, anairuka. Hakuna mtu mzima aliyetueleza chochote. Mimi nilieleweshwa na katuni kwamba mtoto anaweza kuugua na wakubwa wasiweze kitu.

Toleo lililofuata, la 304, ni maziko ya Illyana. Magneto, adui wao wa siku nyingi, anafika katikati ya msiba, na Colossus, kwa uchungu, anaondoka naye. Jalada lake lilikuwa na hologramu, na bei ilizidi mara tatu ya kawaida. Watu wanalitaja jalada hilo kama ushahidi wa uchu wa miaka ile, na ni kweli. Lakini lifungue. Ndani ni jeneza la mtoto na kaka yake aliyechoka kuvumilia.

Baba, ambaye katuni aliziita takataka za rangi, alisoma moja tu. Mwaka 1994 DC waliwakutanisha watu wa Superman na wale wa Milestone, kampuni iliyoanzishwa na waandishi na wachoraji weusi akiwemo Dwayne McDuffie. Kiungo cha mkasa, ulioitwa Worlds Collide, ni mtu wa posta: akilala Metropolis, mji wa Superman, anaamkia Dakota, mji wa mashujaa wa Milestone, akilala Dakota anaamkia Metropolis, na kote ana kazi ya kugawa barua. Baba alimaliza kurasa zote amesimama jikoni. Akasema, “Huyu namjua.”

Lakini yapo ambayo sijasamehe. Mkasa wa nakala za Spider-Man ulianza 1994, ukapangwa uwe wa miezi michache. Mauzo yakapanda, ukavutwa miaka miwili hadi waandishi wenyewe wakapotea njia. Katikati yake, toleo la 400 la Amazing Spider-Man la mwaka 1995, anakufa Shangazi May, aliyemlea Spider-Man. (Mama alikataa neno hilo. “Mke wa kaka wa baba yake si shangazi, ni mama mkubwa.” Kwa hiyo kwetu ni Mama Mkubwa May.) Kabla ya kufa anamwambia Peter, ndiye Spider-Man, kwamba siku nyingi anajua yeye ni nani. Nililia, na nilikuwa na miaka kumi na mitatu, umri wa kuona aibu. Mwaka 1998 wakatangaza kwamba aliyekufa hakuwa yeye, alikuwa mwigizaji aliyekodiwa na Norman Osborn, adui wa Spider-Man. Superman kufufuka 1993 sikuona tabu, kila mtu alijua atarudi. Lakini kukwambia kwamba umekaa matanga ya mwigizaji! Ningesikia uchungu uleule kama wangeniambia kaburi la kwenye migomba ni la kuchorwa.

Tulirudi Tanzania katikati ya 1996. Desemba mwaka huo Marvel wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wao. Maduka ya katuni yalikuwa yananunua bila haki ya kurudisha zisizouzwa, na walanguzi walipoondoka wenye maduka wakabaki na maboksi hadi darini. Maduka mengi yalifungwa. Katika kuhamahama kwetu kitambaa changu kilipotea. Nilikitafuta kwenye masanduku yote mawili.

Kaka alirudi Ohio kusoma, akabaki huko. Ada haikulipwa na katuni. Zile sehemu kumi na mbili alizifungua hatimaye, akanipigia simu kunijulisha kwamba ya kwangu ilikuwa nzuri zaidi. Vitabu vitatu vya Superman bado anavyo, vimefungwa vilevile, na mtandaoni kila kimoja kinauzwa kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Mwaka jana, mama alipofariki, kaka naye hakuwahi mazishi. Nilimwomba afungue mfuko mmoja anitumie kile kitambaa tu, kitabu abaki nacho. Amekataa. Anasema thamani itakwisha.