Kukesha Hakulipi Deni

Ndugu msomaji, neno wasiwasi tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono: kile kisemwacho chini kwa chini kifuani mwa mja hata akakosa raha. Mnong'ono hautaki jibu. Wataka kusikilizwa tu, usiku kucha.

Sisi wa Kariakoo twaujua. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu liliungua, jengo lile alilolisanifu Beda Amuli, lililotuhudumia tangu miaka ya 1970. Jirani yangu alikuwa akiuza mbegu humo, na nusu ya bidhaa zake zilikuwa mali kauli. Bidhaa ziliteketea, deni likabaki.

Wiki mbili hakulala. Alihesabu, akahesabu tena, kana kwamba deni lingepungua kwa kukesha. Sisi wanaume barazani tulikuwa tukimwambia "usijali", neno jepesi mno kinywani mwa asiyedaiwa. Mkewe ndiye aliyemfaa. Alimwuliza, "Baba watoto, usiku wa leo umelipa shilingi ngapi?"

Asubuhi akachukua daftari. Ukurasa mmoja aliandika yale ambayo mkono wake waweza kuyafanya: kumwendea mwenye mali, kumweleza hali, kuomba muda, kutafuta meza kwingine. Ukurasa wa pili akaandika yasiyo yake: soko litafunguliwa lini, bei ya mwakani itakuwaje, moto utarudi au la. Baada ya adhuhuri alikwenda kwa mwenye mali. Yule bwana alifoka, kisha akakubali kulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Ukurasa wa pili jirani yangu aliukunja, akamwachia Mola.

Usidhani kutawakali ni kukaa kitako. Mtume (s.a.w.) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Ghorofa lilipoporomoka hapa Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na roho nyingi zikapotea, hofu ilituingia upya. Basi, kutazama kama nguzo za jengo ulilopanga zina nyufa, na kudai likaguliwe, huko ndiko kumfunga ngamia. Kulala macho wazi ukiusikiliza ukuta, siko.

Jirani yangu angali akiamka usiku mara moja moja. Hutia udhu, akaswali rakaa mbili, akafungua daftari. Likiwapo la kutenda kesho huliandika, kisha hurudi kitandani.