Jina la Chura

Mvua ikiisha kunyesha Rubafu, usiku huwa na wenyewe. Watu wamekwisha kuingia ndani, moto wa jikoni umefifia, na ziwa limebaki likipiga mawe ya ufuko. Ndipo vyura wanapoitwaa nchi. Sauti ya kwanza hutoka katika mafunjo ya kando ya maji. Hujibiwa na nyingine kutoka vidimbwi vya rweya, yaani ule uwanda wa majani unaopakana na vijiji vya Wahaya, na ya tatu huipokea ndani ya kibanja, chini ya migomba na mibuni. Katika nchi ya Bukoba, ambayo hupata mvua karibu kila mwezi wa mwaka, ngoma hiyo haikosi kuchezwa.

Mgeni husikia kelele moja tu. Kelele hiyo imewapa Waswahili methali, kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Na methali ni ya kweli, ila imesemwa kwa upande wa ng'ombe. Mtaalamu wa vyura husikia jambo jingine. Yeye ni kama mtu asimamaye gatini siku ya meli, akatambua katika makelele yale yale kwamba huyu ni Mhaya, yule Mganda, na wale wawili wenye mizigo ni Wakerewe. Kila dume huita kwa wito wa aina yake, na jike haufuati wito usio wa kwao. Kwa hiyo sikio hupata habari kabla ya jicho, na mara nyingi vyura wawili waliofanana kwa rangi na umbo hata wakadhaniwa kuwa aina moja, wametenganishwa kwa sauti zao tu.

Kazi yenyewe haina fahari. Hufanywa gizani, taa ikiwa kichwani, maji yakiwa magotini, mbu wakiwa kila mahali. Mtafutaji huifuata sauti, akiikaribia, hunyamaza. Hana budi kuzima taa na kungoja, pengine robo saa, mpaka yule mdogo asahau khofu yake na kuanza tena. Kabla ya kumgusa humnasa sauti, akaandika na joto la hewa, kwa kuwa wito wa chura huenda mbio usiku wa joto na hujikokota usiku wa baridi. Akimshika, humpiga picha angali hai. Kisha humuua kwa dawa ya usingizi, hukata kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya uchunguzi wa vinasaba, humlaza na vidole vyake vimekunjuliwa, humkausha umbo kwa fomalini, na baadaye humtia katika chupa ya spiriti. Mguuni hufunga kwa uzi kijikaratasi chenye namba, mahali, kimo cha mahali, tarehe na jina la mkamataji. Kijikaratasi hicho chashinda chura mwenyewe kwa thamani. Kielelezo kisicho na mahali ni maiti tu.

Yafuatayo hufanyika mezani, na huchukua miaka. Hupimwa urefu wa paja, upana wa kichwa, kiwambo cha sikio, utando wa kati ya vidole. Kila kipimo hulinganishwa na vya jamaa zake wote waliokwisha kuandikwa, nao huenda wamo katika chupa za miji mitatu ya ng'ambo. Ikithibitika kuwa ni aina isiyojulikana kwa elimu, mtaalamu huchagua mmoja kuwa kielelezo asilia. Huyo ndiye mbeba jina. Wengine wote wa aina hiyo, walio hai na watakaozaliwa, watajulikana kwa kulinganishwa na maiti yule mmoja.

Ukanda wa Rubafu haukukosa macho ya namna hiyo tangu zamani. Emin Pasha, aliyeanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, alikuwa tabibu na mkusanyaji wa ndege na wanyama kabla hajawa mtu wa serikali, na pamoja naye alikuwapo Franz Stuhlmann, mwanachuoni wa elimu ya wanyama. Desturi ya zama zile ilikuwa moja: kikamatwacho Afrika, husomwa Ulaya. Mwaka 1924 Ernst Ahl wa makumbusho ya Berlin aliandika habari za chura wa ziwa hili kutokana na kielelezo kilichotoka Busisi, ng'ambo ya kusini, upande wa Mwanza. Alimwita Xenopus victorianus.

Huyu ni kiumbe wa ajabu. Hana ulimi. Vidole vitatu vya kila mguu wake wa nyuma vina kucha nyeusi, jambo ambalo halitazamiwi kwa chura. Hukaa majini karibu maisha yake yote, na huimba chini ya maji, hata katika ngoma ya usiku ya Rubafu mtu aweza kukaa juu ya kidimbwi chake asijue kwamba naye anaimba. Ndugu yake wa Afrika ya Kusini, Xenopus laevis, alipata sifa duniani: tangu miaka ya 1930, baada ya kazi ya Lancelot Hogben, hospitali za nchi nyingi zilimtumia kupima mimba, kwa kumchoma sindano ya mkojo wa mwanamke na kungoja kama atataga, na kwa mayai yake John Gurdon alifanya Oxford majaribio ambayo yalimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Ndugu wa ziwa hakupata kitu. Wataalamu walimshusha wakamhesabu kuwa tawi tu la laevis. Arthur Loveridge naye, mwaka 1932, akawapa wa Ziwa Bunyonyi katika Uganda jina lao la tawi, ambalo leo limeingizwa chini ya victorianus. Mwaka 2015 uchunguzi wa vinasaba ulimrudishia huyu wa Busisi cheo chake cha aina kamili. Kwa miaka tisini na mmoja alipewa jina, akanyang'anywa, akarudishiwa, naye hakutoka kidimbwini.

Ahl hakuwa na bahati hiyo kwa majina yake yote. Aliwapa majina vyura wengi wadogo wa matete, wale wa ukoo wa Hyperolius, akiwatazama ndani ya chupa. Wadogo hawa wakiwa hai hung'aa kama shanga: kijani, manjano, wenye milia, wenye madoa, na wa bonde hili huenda wasifanane na wa bonde la pili ijapokuwa ni wamoja. Spiriti hula rangi. Mtu aliyepata kuwaona wakiwa na weupe wa maiti, sauti zao hajazisikia wala matete yao hajayaona, alikuwa na nini cha kuamulia? Waliomfuata walifuta mengi ya majina yale. Haifai kumcheka sana. Alifanya alichoweza kwa alicholetewa. Lakini kosa lake lafundisha kwamba nusu ya chura hubaki mahali alipokamatwa.

Loveridge alikuwa mtu wa namna nyingine. Alizaliwa Wales mwaka 1891, akafika Nairobi mwaka 1914 kuwa mtunzaji wa makumbusho, akaingia vitani na kuendelea kukusanya mijusi na vyura katikati ya vita, kisha akawa afisa wa wanyama wa porini katika Tanganyika kabla ya kwenda chuo kikuu cha Harvard mwaka 1924. Alirudi Afrika ya Mashariki mara kwa mara. Pamoja na Thomas Barbour alitoa mwaka 1928 kitabu kikubwa cha wanyama hao wa Uluguru na Usambara, na mwaka 1957, alipokuwa akistaafu kwenda kisiwa cha Saint Helena, aliacha orodha ya watambaao na vyura wa Afrika ya Mashariki ambayo vizazi viwili vya wanachuo viliitumia kama kamusi. Katika kitabu cha 1928 wamo waliopewa majina kwa kielelezo kimoja tu: Parhoplophryne usambarica, wa Amani, ajulikana kwa maiti mmoja.

Ukiyasoma majina ya vyura wa milima hiyo wakutana na Tornier, Krefft, Martienssen, Barbour, Loveridge. Hawa walistahili kukumbukwa. Walakini hakuna hata mmoja wao aliyekamata peke yake alivyovileta chupani. Kulikuwa na mpagazi aliyejua jiwe la kugeuza, na mtoto aliyejua kwamba yule mwenye sauti ya kengele hukaa chini ya jani la mgomba na si juu yake. Elimu yao imo katika vitabu vile. Majina yao hayamo.

Hapo hutokea swali ambalo mtaalamu wa vyura huulizwa kila kijiji, mara nyingi kwa kicheko: jina hilo lamfaa nini chura? Jibu lililo wazi kuliko yote katika Tanzania, nchi yenye aina zaidi ya 200 za jamii ya vyura, halitoki Rubafu bali Kihansi, katika magenge ya Udzungwa.

Mwaka 1905 Gustav Tornier wa Berlin alitangaza habari ambayo wengi waliona vigumu kuisadiki: katika milima ya kusini ya nchi iliyokuwa koloni ya Wadachi wapo vyura wasiotaga mayai, bali huzaa watoto kamili wasiopita katika hali ya kiluwiluwi. Katika aina zaidi ya 7,000 za vyura wa dunia, wafanyao hivyo ni wachache mno, na wengi wao ni wa ukoo huu wa Nectophrynoides, ambao makao yake ni milima ya Tanzania. Mwaka 1996, wataalamu waliokuwa wakichunguza mazingira ya bonde la mto Kihansi walimkuta ndugu yao mdogo, wa rangi ya dhahabu, asiyefikia sentimita 3. Makao yake yote ulimwenguni yalikuwa majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko, eneo lisilozidi hekta 2. Ujenzi wa bwawa la umeme ulikuwa umekwisha kuanza.

John Poynton, Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzao walimwandika katika jarida la mwaka 1998, wakamwita Nectophrynoides asperginis, yaani wa manyunyu. Muda mfupi baadaye mtambo wa megawati 180 ukawashwa, na yapata sehemu tisa katika kumi za maji zikageuzwa njia. Alipata jina na hukumu karibu kwa pamoja. Hoja ya umeme haikuwa ya kipuuzi: hospitali zilikuwa gizani, na viwanda vilisimama. Mwenye kuipinga kwa ajili ya chura wa ukubwa wa ukucha alihitaji uso mkavu.

Lakini kwa kuwa alikuwa na jina, palikuwa na wa kudaiwa. Mabomba ya kunyunyiza yalitandazwa bondeni yaigize manyunyu. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, na watu wengi walicheka kusikia vyura wamepanda ndege. Bondeni walioachwa walianza kuongezeka, wakakaribia 20,000 katikati ya mwaka 2003. Kisha wakafa. Mwezi Januari 2004 walioonekana walikuwa watatu, na wengine wawili walisikika wakiita. Ugonjwa wa kuvu wa ngozi, ulioangamiza vyura katika mabara mengi, ulikuwa umewafikia. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini.

Wale wa ng'ambo nao walikuwa wamepungua kabla ya watunzaji kujifunza mwanga, joto na chakula chao. Walipoongezeka, 100 walirudishwa Dar es Salaam mwaka 2010 katika chumba walichojengewa chuoni, na mwezi Desemba 2012 wapatao 2,000 waliachiwa Kihansi. Hakuna aliyeahidi kwamba wangedumu. Majani yale bado hulowa kwa mabomba, na kuvu hakuondoka. Mtu aweza kuuliza kama chura anayeishi kwa bomba yu porini au yu bustanini, naye hatakuwa ameuliza upuuzi.

Wakati huo chupa za Tornier zilikuwa zikingoja Berlin. Mwaka 2025 wataalamu wa nchi kadhaa, Watanzania miongoni mwao, walitoa matokeo ya kusoma vinasaba vya vielelezo vya kale vya makumbusho, vingine vya yapata miaka 120. Ilidhihirika kwamba jina moja la 1905 lilikuwa limewafunika wengi, nao wakaeleza aina tatu mpya za wazaao. Mmoja wamemwita uhehe, kwa nchi yake.

Rubafu hakuna maporomoko wala bwawa la umeme. Kuna mabonde yanayolimwa zaidi kila msimu, rweya inayopandwa miti, na watoto wanaojua sauti zote kwa majina ya nyumbani. Mwanachuo atakayefika huko na kinasa sauti atafanya vema kuanza kwa kuwauliza wao, na kuandika jina la aliyemjibu kwenye kijikaratasi, chini ya namba. Mvua ikipita, ngoma huanza mafunjoni. Yule wa kucha nyeusi hupanda juu ya maji mara moja, hutoa pua, huvuta pumzi, kisha hurudi topeni kuimba asikosikika.