Nilivyorudi Lunsen

Kusini mwa mji wa Uppsala, nchini Uswidi, kuna msitu uitwao Lunsen. Hauna mlima wala bonde la kutisha. Ni nchi tambarare yenye misonobari, mawe, vinamasi na vilima vidogo vinavyofanana sana, hata mgeni akigeuka mara mbili hajui alikotokea. Huko ndiko nilikojifunza mbio za ramani na dira nilipokuwa mwanafunzi, na huko ndiko nilikorudi baada ya miaka mingi ya kutokimbia kabisa.

Mchezo wenyewe hauna maelezo marefu. Ramani unakabidhiwa unapoanza, si kabla. Pembetatu ya zambarau ndipo ulipo. Miduara ni vituo unavyopaswa kuvipitia kwa mpangilio. Mduara ulio ndani ya mwingine ndio mwisho. Kila kituo kina alama ya kitambaa cheupe na cha chungwa, yenye upana wa sentimita 30, pamoja na kifaa unachokigusa kwa kijiti cha elektroniki kilichofungwa kidoleni ili kuthibitisha kuwa umefika. Njia ya kutoka kituo hadi kituo unaichagua mwenyewe.

Ramani nilikuwa nazijua kabla ya kufika Ulaya. Shuleni Arusha tulisoma zile za 1:50 000, tukapima urefu wa barabara kwa uzi na kueleza umbo la nchi kwa kutazama kontua. Yote hayo tuliyafanya tukiwa tumeketi kwenye madawati. Ramani ya mbio hizi huwa ya 1:15 000 au 1:10 000, kwa hiyo hata jabali moja linapata nukta yake nyeusi. Msitu unaokimbilika kwa urahisi huachwa mweupe. Kijani ni kichaka, na kadiri kinavyokolea ndivyo kupita kunavyokuwa kugumu. Manjano ni mahali pa wazi, buluu ni maji, na kontua za kahawia hupanda kila mita 5, au mita 2.5 kama nchi ni tambarare. Siku ya kwanza nilipotazama mstari wa kahawia, nikainua macho na kukiona kilima chenyewe mbele yangu, nilihisi kwamba somo la mwalimu wangu wa jiografia lilikuwa linamalizikia pale.

Wazee wa klabu niliyokimbia nayo walipenda kusimulia mchezo huu ulikotoka. Mashindano ya kwanza ya wazi yalifanyika Norwe mwaka 1897, karibu na jiji ambalo leo ni Oslo. Lakini waliyemtaja kwa fahari ni Ernst Killander, ofisa wa jeshi na kiongozi wa michezo wa Stockholm, ambaye aliona vijana wakipoteza hamu ya riadha. Mwaka 1919 aliandaa mbio kubwa za ramani kusini mwa jiji hilo, na zaidi ya watu 200 wakajitokeza. Aliwapa vijana sababu ya kukimbia. Nilipoisikia habari hiyo nikiwa kijana niliiona ni historia tu.

Nilikimbia kwa miaka yangu yote ya masomo. Mama alikuwa akinipigia simu kutoka nyumbani na kuniuliza, "Mwanangu, hivi kweli unalipa hela uende ukapotee porini?" Nilimjibu kwamba ninalipa ili nijifunze kutopotea, naye akaniombea kwa Mungu anirudishe salama kila Jumapili. Kisha yakaja ya dunia: ndoa, watoto, kazi ya kuhudumia wazee kwa zamu za usiku. Viatu vikaingia stoo. Sikukata shauri la kuacha. Siku zilipita tu, nami nikajizoesha kujiita mtu aliyewahi kukimbia.

Aliyenirudisha ni binti yangu. Uswidi, kusoma ramani uwanjani ni sehemu ya somo la michezo shuleni. Siku moja alirudi na kiramani cha eneo la shule, kimekunjwa na kulowa, akakitandaza mezani. "Mama, hivi vistari vya buluu ni nini?" Nikamwambia ni kinamasi, na kwamba kontua ikiwa na vijistari vidogo, vijistari hivyo huelekea chini. Akanitazama kama mtu aliyegundua kuwa mama yake anajua lugha ya siri. Usiku ule sikulala mapema.

Nilianza kwenye njia za mazoezi zenye taa, maana mwezi Desemba jua la Uppsala huzama kabla ya saa tisa alasiri. Nilitembea kidogo, nikakimbia kidogo, nikatembea tena. Anayerudi kwenye mbio ajue jambo hili: pumzi hurudi mapema kuliko kano. Moyo na mapafu huitikia mazoezi ndani ya majuma machache, lakini kano na viungo huhitaji miezi. Ndiyo maana wengi wanaorudi huumia wakati ule ule wanapojiona wamepata nguvu. Nilijizuia, na kujizuia kulikuwa kazi kubwa kuliko kukimbia.

Masika ya huko yalipofika nikaenda Lunsen. Miguu ilikuwa tayari. Kilichokuwa kimelala ni jicho. Mzee mmoja wa klabu, ambaye bado alinikumbuka, alinipa ramani na kuniambia, "Usikimbie haraka kuliko unavyosoma." Basi nilikwenda kwa kituo kimoja kimoja. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa mguuni mwa jabali, nyuma ya kilima kidogo. Nilikunja ramani hadi ikaonekana njia yangu tu, nikaweka kidole gumba pale niliposimama, nikaigeuza hadi mistari ya kaskazini ikalingana na sindano ya dira. Kisha nikajiambia nitakachokiona kabla sijakiona: kwanza ukingo wa kinamasi upande wa kushoto, kisha miamba miwili, kisha ardhi inainuka. Nikahesabu hatua. Kinamasi kikaja. Miamba ikaja. Ardhi ikainuka chini ya viatu, na nyuma ya kilima kitambaa cha chungwa kilikuwa kinaning'inia pale pale ramani iliposema. Nilisimama nikashusha pumzi, machozi yakinilengalenga.

Hapo ndipo nilipomwelewa Killander. Barabarani, mtu aliyerudi baada ya miaka hana wa kushindana naye ila saa yake ya zamani, na saa hiyo haina huruma. Msituni huna nafasi ya kujilinganisha na ulivyokuwa, kwa sababu kila dakika unaulizwa swali jingine: uko wapi sasa, na mbele yako kuna nini? Mchezo wenyewe umejengwa hivyo. Kuanzia umri wa miaka 35 madaraja hupangwa kila baada ya miaka mitano, hadi kwa waliovuka themanini. Niliporudi sikudaiwa kuwa binti wa D21, daraja kuu la wanawake. Nilipewa njia ya wanawake wa rika langu, yenye urefu wake na ugumu wake. Kwenye O-Ringen, mashindano ya kila kiangazi yaliyoanza mwaka 1965, maelfu ya watu huingia msitu mmoja siku moja, mtoto na bibi, kila mmoja na ramani yake.

Sasa nakimbia na binti yangu. Yeye ana miguu, mimi nina kontua, na tunafundishana. Kwa msomaji ambaye viatu vyake viko stoo kama vilivyokuwa vyangu, nina neno moja: tafuta ramani ya mahali unapoishi, hata ya mtaa tu, chagua sehemu usiyowahi kufika, uende kwa miguu. Tembea kama huwezi kukimbia. Miguu itakubali kurudi kazini, mradi umeipa mahali pa kwenda.